Imani kuhusu saratani ya titi na utulivu wa moyo: mwongozo kwa wagonjwa na wanaouguza, Kwale na Pwani Kusini

Huzuni, hofu na kukosa usingizi kwa mgonjwa wa saratani ya titi haviletwi na uvimbe peke yake. Huletwa pia na yale anayoyaamini kuhusu uvimbe huo: umetoka wapi, una mkono wa mtu au hauna, utaondoka au ndio mwisho wake. Wanawake wawili wenye ugonjwa wa hatua moja, mmoja wa Ukunda na mwingine wa Lunga Lunga, huweza kuandikiwa dawa zilezile siku moja, mmoja akalala na mwingine akakesha, kwa kuwa wa kwanza anaamini amepatwa na wa pili anaamini amefanyiwa. Mwongozo huu unahusu imani hizo jinsi zilivyo Kwale na pwani yote ya kusini, namna zinavyougusa moyo, na yale ambayo mgonjwa, jamaa wanaomuuguza na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaweza kuyafanya.

Saratani ya titi ndiyo inayogunduliwa kwa wingi kuliko saratani nyingine zote nchini Kenya. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanataja zaidi ya wagonjwa wapya 7,000 kwa mwaka. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Imani ni sababu mojawapo ya kuchelewa huko, lakini nauli, foleni na umbali wa vipimo ni sababu pia. Mwanamke wa Kinango au Vanga aliyechelewa hakuchelewa kwa ujinga, na anayeanza kwa kumwita mjinga hatasikilizwa tena.

Mwanasaikolojia wa Marekani Howard Leventhal na wenzake walieleza, hasa kuanzia miaka ya 1980, kwamba kila mgonjwa, msomi na asiye msomi, hujijengea maelezo yake mwenyewe ya ugonjwa. Maelezo hayo hujibu maswali matano: huu ni ugonjwa gani, umesababishwa na nini, utadumu kwa muda gani, utanifanya nini, na je, unatibika? Maelezo ya daktari hayayafuti yale ya mwanzo. Huja kukaa kando yake. Ndiyo maana mtu humeza dawa za hospitali ya Msambweni asubuhi na jioni akapelekwa kwa mganga, na haoni mgongano wowote. Hospitali imemweleza ugonjwa unavyofanya kazi. Haikumweleza kwa nini umempata yeye, na si jirani yake. Swali hili la pili ndilo linalouma, na kwa hiyo ndilo la kuanza nalo.

Umetoka wapi?

Jibu linalosikika mara nyingi vijijini ni kijicho na uchawi. Titi limevimba bila kugongwa, halikuuma mwanzoni, na mwenye nalo alikuwa amejenga nyumba ya mabati au mwanawe amepata kazi hotelini Diani. Ukoo huketi, mburuga (ramli) hupigwa, na mara nyingine jina hutajwa. Imani hii ina faida moja ambayo wahudumu wa afya huisahau: inamwondolea mgonjwa lawama. Hakukosa yeye, amekosewa. Kwa siku chache moyo hupata pa kuegemea.

Hasara yake huja baadaye, nayo ni kubwa. Anayetajwa huwa si mtu wa mbali. Huwa wifi, mke mwenza, jirani wa mlango wa pili, au shangazi mzee anayeishi peke yake. Hao ndio hasa ambao wangepika, wangefua, wangelea watoto siku mama anapotapika baada ya dawa. Mgonjwa huanza kuogopa chakula cha jamaa zake, hufunga mlango mapema, hukataa wageni, na upweke huo humuumiza kuliko sindano. Madhara hayaishii kwake. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na tuhuma nyingi huzaliwa pale pale penye kitanda cha mgonjwa.

Anayeuguza halazimiki kuanzisha mabishano kama uchawi upo au haupo. Mabishano hayo hayajawahi kumtibu mtu. Linalowezekana, na ambalo wazee wenye busara wamekuwa wakilifanya, ni kukataa jina. Ukoo unaweza kukubaliana mapema kwamba mgonjwa ataombewa, atasomewa, atapelekwa hospitali, lakini hakuna mtu atakayetajwa. Miongoni mwa Wadigo, ambao kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama, sauti ya mjomba bado ina uzito, na mjomba akiliweka neno hilo mwanzoni huwa ameokoa zaidi ya mtu mmoja.

Jibu la pili ni la dini, na hapa panahitaji uangalifu kwa sababu imani mbili zinazofanana kwa sura huzaa hali mbili tofauti kabisa za moyo. Muislamu wa Kwale anayeamini kwamba maradhi ni mtihani, na kwamba subira yake inamfutia madhambi, huwa ana nguzo. Anayeamini kwamba Mungu amemkasirikia na anamwadhibu huwa amebaki bila kimbilio. Vivyo hivyo kwa Mkristo. Mtafiti Kenneth Pargament na wenzake wametenganisha hali hizi mbili katika tafiti zao: dini inayomweka mgonjwa karibu na Mola wake huendana na moyo uliotulia zaidi, na dini inayomwambia ametupwa huendana na msongo na huzuni. Kwa hiyo kusema tu kwamba mgonjwa ni mcha Mungu hakutoshi. Inafaa kumsikiliza anavyoomba. Anayesema "nimemkosea nini Mola" anahitaji kutembelewa na imamu, ustadhi au mchungaji mwenye huruma, tena mapema, na mwenyeji amjulishe mgeni huyo mapema shida ilipo. Mawaidha ya jumla kuhusu madhambi, yakitolewa chumbani kwa mgonjwa wa namna hii, ni kidonda juu ya kidonda.

Jibu la tatu ni kujilaumu, na huenda ndilo linalofichwa zaidi. Mwanamke hukumbuka miaka aliyoficha noti na simu ndani ya sidiria. Hukumbuka mtoto aliyekufa mchanga na maziwa yaliyobaki ndani. Hukumbuka sindano za uzazi wa mpango ambazo mumewe hakuzitaka. Haya yana majibu, na majibu yatolewe waziwazi. Pesa na simu kwenye sidiria havijathibitika kuleta saratani ya titi. Maziwa yaliyokwama huweza kuleta maumivu, uvimbe wa muda na jipu, lakini hayageuki kuwa saratani. Kunyonyesha hupunguza hatari kwa kiasi, ila wapo walionyonyesha watoto saba wakaugua. Dawa za homoni za uzazi wa mpango huongeza hatari kidogo kwa wanaozitumia, na ongezeko hilo hupungua baada ya kuziacha; hakuna daktari anayeweza kumwonyesha mwanamke mmoja kidole na kusema hizo ndizo zilizomuuguza. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya saratani za titi huwapata wanawake wasio na kihatarishi chochote kinachojulikana isipokuwa kuwa wanawake na kupita umri wa miaka 40. Wachache, takriban watu 5 hadi 10 katika kila 100, huwa wamerithi hitilafu ya jeni, na kurithi si kosa la mama wala la bibi.

Tena haiambukizi. Haipiti kwa sahani, kwa kitanda, kwa unyumba wala kwa kukumbatiwa. Jambo hili lirudiwe mbele ya watu wote wa nyumbani, kwa sababu mgonjwa anayetengewa kikombe huelewa maana yake bila kuambiwa.

Unatibika?

Imani iliyoenea kuliko zote katika swali hili ni kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa na kuua. Haikuzuka hivi hivi. Watu wamemwona mtu akienda kukatwa na kurudi akafa baada ya miezi michache. Wasichokiona ni kwamba wengi wa hao walikatwa ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye mapafu, ini au mifupa. Kisu kililaumiwa kwa kazi iliyokwisha kufanywa na muda. Kuchukuliwa kinyama kwa sindano ili kipimwe hakuuenezi ugonjwa, na bila kipimo hicho daktari hawezi kujua ni dawa gani itafaa. Mgonjwa anayeogopa kipimo aelezwe hivyo na mtu asiye na haraka, tena kabla ya siku ya kipimo, wala si akiwa ameshavua nguo.

Inayofuata ni kwamba saratani ni kifo tu. Takwimu zinasema vingine. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika nchi tajiri zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa, India 66, Afrika Kusini 40. Tofauti hiyo kubwa inatokana zaidi na kuwahi na kupata tiba kamili, kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini takwimu hazimfariji mtu aliyewazika wawili. Shida ya vijiji vyetu ni kwamba waliokufa huhesabiwa na waliopona hunyamaza. Mwanamke aliyetibiwa akapona hurudi kuuza samaki wake, hajitambulishi kuwa aliwahi kuugua, na pengine hata wakwe hawajui. Matokeo yake, mgonjwa mpya huwa hajui hata mmoja aliyesalimika. Hakuna ushauri unaolingana na saa moja ya kukaa na mwanamke wa umri wake, anayezungumza kama yeye, aliyepita njia hiyo. Wauguzi wa kliniki za saratani na wahamasishaji wa afya huwafahamu wanawake kama hao, na wakiombwa huweza kuwakutanisha, mradi yule aliyepona ameridhia.

Upande wa pili kuna imani inayoonekana nzuri, nayo huumiza: kwamba moyo thabiti ndio unaoponya, na anayelia anaukuza uvimbe. Jamaa husema kwa mapenzi, "Jikaze, usiwaze." Utafiti uliowafuatilia wanawake 578 nchini Uingereza, ukachapishwa mwaka 1999, haukuona kwamba ari ya kupambana inarefusha maisha. Ulikuta kwamba kukata tamaa kabisa na sonona huendana na hali mbaya zaidi, na hayo ni maradhi ya kutibiwa, si udhaifu wa tabia. Basi mgonjwa ana ruhusa ya kulia. Akinyimwa ruhusa hiyo huanza kulia usiku peke yake, na ugonjwa ukirudi hudhani ameurudisha mwenyewe kwa kukosa ujasiri.

Utadumu kwa muda gani?

Malaria huisha kwa dozi moja, na wengi huipima saratani kwa kipimo hicho. Uvimbe ukiondoka, ugonjwa umekwisha. Tembe za nini tena? Kwa saratani zinazolishwa na homoni, dawa kama tamoxifen humezwa kila siku kwa miaka 5, wakati mwingine 10, na anayeziacha kwa kujiona mzima hujiongezea uwezekano wa ugonjwa kurudi. Asiyeelezwa mapema huhuzunika kila anapopewa tarehe nyingine, akidhani anafichwa jambo. Akijua tangu mwanzo kwamba tembe za miaka ni kinga, huzimeza kwa utulivu.

Mwili, ndoa na ibada

Titi si kiungo cha kawaida. Ni cha mtoto na cha mume, na kulipoteza ni msiba ambao haufai kufunikwa kwa maneno kama "bora uhai". Wapo wanaoamini kwamba mwanamke asiye na titi hakamiliki, na wapo waume waliowaacha wake zao kwa hilo. Mume anayefika kliniki na kusikia maelezo kwa masikio yake huogopa kidogo kuliko anayeletewa habari na mama yake. Anafaa kuitwa. Baada ya upasuaji kuna sidiria zenye pedi, na hata kitambaa laini kilichoshonwa vizuri na fundi wa mtaani humwezesha mtu kwenda arusini bila kujitazama kila mara. Nywele hudondoka kwa dawa nyingi za kemotherapi (kemo), kisha huota tena. Mtandio na buibui husaidia nje, lakini nyumbani watoto huona, na waambiwe mapema ili wasishtuke.

Ibada nayo huleta dhiki isiyosemwa. Mgonjwa aliyezoea kufunga Ramadhani yote hujiona amepungukiwa dini anapoambiwa ale ili ameze dawa. Sheria ya Kiislamu imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, akalipa siku hizo akipona, au akatoa fidia asipotarajia kuweza tena. Asiyeweza kugusa maji kwa sababu ya kidonda ana tayamamu, na asiyeweza kusimama huswali ameketi. Maneno haya yakitoka kwa imamu wa msikiti wake huwa na nguvu ambayo muuguzi hana. Haya ya kuvuliwa nguo mbele ya daktari mwanamume pia ni kizuizi halisi. Inaruhusiwa kuomba daktari au muuguzi wa kike, au angalau jamaa wa kike akae chumbani, na ombi hilo si usumbufu.

Namna ya kuzungumza na mgonjwa

Kinachofaa kutangulia ni kuuliza. "Mwenyewe unaonaje, ugonjwa huu umetoka wapi?" "Kinachokutisha zaidi ni nini?" "Umesikia nini kuhusu kukatwa?" Maswali haya, yakiulizwa faraghani na mtu anayeaminiwa, na jibu likasikilizwa bila kukatizwa, hufichua imani inayouma. Si kila imani inahitaji kusahihishwa. Ile inayompa subira na haimzuii tiba iachwe. Ile inayomtenga na watu au kumfanya ajilaumu ilainishwe taratibu, kwa kumpa maelezo mengine badala yake. Ile inayomzuia kwenda hospitali ndiyo ya kushughulikiwa haraka, kwa kuwa saratani haingoji. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni mara ya kwanza.

Waganga na maustadhi wengi hawana haja ya kupingwa, bali waombwe wawe waangalifu. Dua na kisomo havina madhara. Kombe, yaani aya zinazoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya kunywa, linywewe kwa maji yaliyochemshwa na sahani safi, kwa sababu kemo hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Chale zisipigwe kabisa wakati wa kemo, na baada ya upasuaji wa kwapa zisipigwe kamwe kwenye mkono wa upande huo, kwani mkono huweza kuvimba na usirudi. Mizizi na dawa za kunywa, mwarobaini ukiwamo, daktari aambiwe. Baadhi huweza kuelemea ini au kuvuruga dawa za hospitali. Daktari anayekaripia hupata wagonjwa wanaoficha, hivyo naye ana wajibu wa kusikia bila kukunja uso. Na homa inayofika nyuzi 38 katika majira ya kemo si jini linalokataa kutoka: ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Ikikaa wiki mbili au zaidi, mgonjwa hali, halali, hataki kuona watu, haoni raha hata kwa wajukuu, au anasema bora afe, hiyo ni sonona. Mara nyingi huitwa pepo au uvivu wa kuamka. Ina tiba ya mazungumzo na ina dawa, na ianze kuelezwa katika kliniki ile ile anakotibiwa saratani. Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu ya bure ya ushauri, 1199. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake.

Njia ya tiba yenyewe pia hutuliza ikijulikana. Uchunguzi wa awali hufanyika Msambweni na katika hospitali nyingine za kaunti. Kwa tiba kubwa mgonjwa huvuka Likoni, au huzunguka Dongo Kundu, kwenda Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wengi bado huiita Makadara, iliyo na kituo cha saratani. Kwa miaka mingi aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alipelekwa Kenyatta, Nairobi, na wazee wengi bado wanaamini lazima iwe hivyo. Tangu Oktoba 2024 bima ya umma iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na usajili ukamilishwe kabla ya tarehe ya kwanza ya matibabu, kwa kuwa hofu ya gharama huvunja moyo sawa na hofu ya kifo.

Kwa wale ambao ugonjwa hautapona, imani ya mwisho inayohitaji kushughulikiwa ni kwamba mofini ni dawa ya kummaliza mgonjwa, na kwamba anayepelekwa kwa wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu, ameachwa. Mofini ya maji, ikipimwa na kutolewa inavyotakiwa, huondoa maumivu na haiharakishi kifo. Mtu aliyepungukiwa maumivu hula, huswali na huzungumza na watoto wake. Coast Hospice iliyoko Mombasa hutoa huduma hii na kuwafundisha jamaa namna ya kuuguza nyumbani. Wengi huogopa kumwambia mgonjwa ukweli wasije wakamvunja moyo, lakini kwa kawaida yeye huwa ameshajua, na huwa anawalinda wao. Akiambiwa kwa upole, na kwa kiasi anachouliza, hupata nafasi ya kulipa madeni, kuandika wosia, kuombana radhi na aliogombana nao, na kusema mwenyewe nani atakaa na wanawe.